Mshono wa Mkono wa Kushoto: Nilivyomtafuta Mwenye Mbwa

Alfajiri ya Januari mosi nilitoka na ndoo kuchota maji nikamkuta nyuma ya simtanki, amejikunja kati ya ukuta na yale matofali yaliyobaki tulipomaliza kujenga. Usiku ule Goba nzima, hapa kwetu Dar es Salaam, ililipuka. Fataki zilianza kabla ya saa sita na mpaka saa saba na nusu watu walikuwa bado wanarusha, nami kitandani najiuliza hizo hela wanazochoma angani wanazitoa wapi wakati ada za Januari ziko mlangoni. Kumbe wakati mimi nalalamikia ada, kuna kiumbe kilikuwa kinakimbia gizani kisijue kinakwenda wapi.

Geti letu lina uwazi chini kwa ajili ya maji ya mvua. Bila shaka alipitia hapo. Mbwa wa rangi ya mchanga, mgongo mweusi, sikio moja limesimama, jingine limelala. Shingoni ana mkanda, na kwenye mkanda kipande cha mnyororo kama urefu wa mkono, kimenasa kwenye nondo iliyochomoza. Kila akijivuta, mkanda unambana. Alikuwa anahema kama mtu aliyepanda mlima na gunia.

Sijawahi kufuga mbwa. Mimi ni fundi cherehani, chumba changu cha kazi kiko uani, na kitu cha kwanza kilichokuja mkononi ni mkasi wangu wa vitambaa. Nikamsogelea huku nasema, "Pole baba, pole," nikaingiza makali chini ya mkanda, nikakata. Ukakatika. Papo hapo akanidaka mkono wa kushoto, chini ya kidole gumba, akaniachia, akarudi nyuma ya tanki akitetemeka. Matundu mawili, damu kidogo tu. Mpaka leo simlaumu. Mtu asiyemjua amemjia na chuma shingoni, na yeye hana pa kukimbilia. Ningekuwa mimi ningeng'ata zaidi.

Nililofanya baada ya hapo ndilo nisilopenda kulikumbuka. Nilimwagia mkono maji ya kopo moja, nikapaka spiriti, nikafunga kitambaa, nikaenda kuinjika pilau. Sikukuu ile, wageni wanakuja! Ule mkanda ulikuwa unanuka, nikautupa kwenye gunia la taka.

Jioni wifi yangu akaniuliza mkono una nini. Nilipomwambia akaweka sahani chini. Kwao kijijini aliwahi kuona mtoto aliyeng'atwa, wakapuuza. Hakunisimulia yote, na sikuuliza. Kesho yake asubuhi akanisindikiza hospitali ya serikali.

Pale nilifundishwa kitu ambacho nimekuwa nikikirudia kwa kila mteja anayekuja kupimwa gauni: ukiumwa na mbwa, hata kama ni mkwaruzo, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Siyo kopo moja. Dakika 15 kwa kutazama saa, mkono chini ya bomba au mtu akumiminie. Virusi vya kichaa cha mbwa viko kwenye mate, na sabuni inaviharibu. Halafu unakwenda hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu dalili zikishaanza kwa binadamu hakuna dawa ya kumrudisha.

Daktari alikuwa kijana, mpole, akaniuliza maswali matatu. Mbwa yuko wapi? Ana mwenyewe? Ana kadi ya chanjo? Nikaweza kujibu moja tu: yuko nyumbani kwangu, nyuma ya tanki.

"Basi mama, asitoroke, na asiuawe," akasema. "Mfungeni mahali salama, mumwangalie siku kumi tangu alipokung'ata. Akiwa mzima siku zote kumi, tutajua hakuwa anatoa virusi siku ile. Na ukimpata mwenyewe, mwambie alete kadi. Lakini sindano tunaanza leo, hatusubiri."

Nilianza siku hiyo, nikaambiwa nirudi siku ya tatu na ya saba, kisha tutaona. Mimi nililipa shilingi 30,000 kila sindano. Kwako bei inaweza kuwa nyingine, ila jipange, maana haikungoji upate hela. Na ndipo nikaelewa kuwa kumtafuta mwenye mbwa hakukuwa tena suala la huruma. Nilikuwa naitafuta kadi.

Nyumbani tulimfungia kwenye kibanda cha kuni, tukaweka mlango wa mabati. Kijana wangu wa kidato cha pili akawa anampa chakula kwa kusukuma sufuria na fimbo ya ufagio. Siku mbili za kwanza hakugusa kitu. Tulikuwa tunampa wali wa pilau uliobaki, tukidhani tunamkirimu. Daktari wa mifugo alipokuja ndiye aliyetucheka: viungo na vitunguu si chakula cha mbwa, na vitunguu vinamdhuru kabisa. Ugali wa dona na dagaa waliochemshwa bila chumvi. Akala mpaka sufuria ikahama mahali pake.

Yule daktari wa mifugo alinitoza 25,000 pamoja na nauli na dawa ya minyoo, na naona ndiyo hela niliyoitumia vizuri kuliko zote katika mkasa huu. Chanjo alikataa kumpa. Alisema mbwa aliyeng'ata akiwa kwenye uangalizi hachanjwi mpaka siku kumi ziishe, ili akipata homa au kulegea tusianze kubishana kama ni chanjo au ni ugonjwa. Akapitisha juu ya mabega kidude kama rimoti ya televisheni kutafuta chipu, ile inayochomekwa chini ya ngozi yenye namba ya tarakimu 15. Kimya. Alisema kwa hapa kwetu mbwa wengi wenye chipu ni wale waliowahi kusafirishwa nje ya nchi, lakini kuangalia ni lazima.

Kisha akamsoma. Ndilo neno ninaloona linafaa. Akaonyesha shingo: manyoya yamelika kwa duara, ngozi imekuwa ngumu. Kucha zimelika pembeni, za mtu anayetembea kwenye zege, si kwenye mchanga. Meno ya nyuma yameanza rangi ya njano, kwa hiyo si mtoto, labda miaka minne. Ndani ya paja la nyuma la kulia, kovu refu kama kidole. "Huyu ni mbwa wa lindo," akasema. "Mchana anafungwa, usiku anafunguliwa. Ana mtu anayemlisha kwa mkono. Tazama anavyoangalia mkono wa mtu kabla ya uso." Akaniambia nitafute walinzi, nisitafute matajiri.

Ningemsikiliza siku ile ningeokoa wiki. Lakini nilikuwa nimeshaanza kutafuta kwa njia yangu, ya simu.

Nilimpiga picha kila upande, mpaka lile kovu, nikaziweka kwenye makundi yote niliyomo: la mtaa, la kwaya, la wazazi wa darasa la binti yangu, la vikoba. "Amepatikana mbwa, mwenye naye apige namba hii." Ndani ya saa moja nilikuwa na ushauri wa watu arobaini na mwenye mbwa hakuna. Mmoja akasema ni jini. Mwingine akaniuliza kama nauza.

Tarehe 3 wakaja vijana wawili na kamba. "Huyo wetu, mama, anaitwa Jack." Nikasema sawa, muiteni. Wakaita Jack. Mbwa akalala chini, mkia tumboni, masikio nyuma. Nikauliza ana alama gani. Wakataja kovu, paja la kulia, kwa ndani! Moyo ukataka kukubali. Ni kijana wangu aliyeninong'oneza: "Mama, kovu uliliposti." Nikawaambia wamlete mjumbe wao na kadi ya chanjo, tutaongea. Hawakurudi.

Tarehe 4 akapiga mtu mwenye sauti ya heshima sana. Mwenye mbwa amempata, ni shangazi yake, yuko Kibaha, hana nauli ya kuja, nitume elfu kumi kwa namba hii, atanirudishia akifika. Najua unasema nini. Mimi mwenyewe ndiye ninayewaonya wenzangu kila siku juu ya "tuma kwa namba hii." Lakini mkono ulikuwa unauma, kesho yake nilikuwa na sindano ya pili, na nilitaka mno kumsikia mtu akisema kadi ipo. Nikatuma. Ukichoka na ukiogopa, unatuma. Namba haikupatikana tena.

Dada mmoja alikuja kwa nia safi kabisa kutoka Kinzudi, ila wake alikuwa jike. Tulikunywa chai, akalia kidogo, akaondoka.

Basi nikafuta zile picha, nikaweka moja tu, ya mbali, isiyoonyesha masikio wala kovu. Anayemjua mbwa wake atakueleza yeye. Wewe usimpe jibu kabla ya mtihani. Na nikaanza kutembea.

Serikali ya mtaa walinipokea vizuri, wakaandika jina na namba yangu kwenye daftari, wakanishauri niende na mtaa wa pili, maana mbwa anayekimbia mshindo hajui mpaka wa mtaa wala wa kata. Vijana wa bodaboda kijiweni walinisaidia kuliko makundi yote ya simu. Hawa wako barabarani usiku wa manane, na mbwa wa lindo wanawajua mmojammoja kwa sababu ndio wanaowafukuza. Mmoja akasema alimwona usiku ule wa fataki akitokea upande wa Madale, anakimbia katikati ya barabara na mnyororo unatoa cheche. Nikampitia pia mama anayeuza utumbo na vichwa vya kuku, nikamwuliza ni walinzi gani hununua kwa ajili ya mbwa. Akanitajia wanne. Niliwafuata wote wanne, mbwa wao wako salama na wakali.

Hapo katikati nataka nimtaje jirani yangu wa ukuta mmoja, ajuza wa Kiislamu. Nilikuwa naona haya kwa kelele za usiku, na najua mate ya mbwa kwake ni najisi. Nikaenda kumwomba radhi. Akaniuliza tu kama nimemwekea maji ya kutosha, na joto lote hili. Akanikumbusha habari ya yule mtu aliyeshuka kisimani akamchotea maji kwa kiatu mbwa mwenye kiu, akasamehewa madhambi yake. Akaongeza, "Ila mwanangu, asije kwangu." Tukacheka. Ni yeye pia aliyeuliza swali ambalo sikuwa nimejiuliza: "Alikuja na nini shingoni?"

Mkanda. Nilikuwa nimeutupa siku ya kwanza.

Kwa bahati gari la taka lilikuwa halijapita tangu sikukuu. Tarehe 6 mchana nilikuwa nimeinama uani natoa maganda ya ndizi, mifupa ya kuku na inzi wake, kijana wangu amesimama mbali ameziba pua, mpaka nikauvuta. Nikaufua kwa Omo, nikauanika kwenye kamba pamoja na nguo za wateja.

Ulipokauka ndipo nikauona. Ulikuwa mkanda wa usalama wa kiti cha gari, ule mpana wa kijivu, umekunjwa mara mbili na kushonwa kwa mkono kwa uzi wa nailoni mweusi. Kwenye bizimu uzi mweusi uliisha, fundi akamalizia na mwekundu. Mimi naishi kwa kushona! Kama kuna mtu Dar es Salaam nzima aliyepaswa kuutazama mshono kabla ya kuukata, ni mimi.

Nikaupeleka kwa fundi viatu wa pale kituoni Goba. Akaugeuza, akalamba ncha ya kidole, akaipitisha juu ya uzi.

"Si wangu, mama. Tazama. Mimi nikishona, uzi unalalia kulia. Huu umelalia kushoto, mstari wote. Aliyeshona ni mashoto." Akafikiri kidogo. "Kuna mzee mmoja Madale, anakaa chini ya mwarobaini karibu na wauza matofali. Huyo ni mashoto."

Tarehe 8 nilikuwa na oda za sare za shule hadi shingoni, tarehe 9 sindano ya tatu. Tarehe 10 nikapanda bodaboda mpaka Madale. Mwarobaini upo, mzee yupo, na kwa kweli ameshika sindano yake ya ndoano kwa mkono wa kushoto. Nikamwamkia, nikamtolea mkanda. Alichoangalia kwanza ni pale nilipokata.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi, mzee."

"Kwa mkasi mzuri," akasema, kwa masikitiko kidogo. Kisha akanielekeza: saiti ya ghorofa, barabara ya vumbi ya tatu, mlinzi wake ni mtu wa Singida. Alishonewa mwaka jana, akalipa kwa mafungu.

Mlinzi alikuwa amekaa kwenye kibanda cha mabati, mtu mzima wa miaka sitini hivi, amevaa koti zito kwenye jua. Pembeni kuna sufuria ya alumini imefunikwa tofali. Nikaamkia, nikasema nimesikia amepotelewa na mbwa. Akainuka mara moja. Akaniambia alikwenda kwao Krismasi, akarudi tarehe 8, akakuta kipande cha mnyororo kimebaki kwenye nguzo. Yule aliyemshikia lindo alisema mbwa amelala tu mahali, atarudi. Kwa hiyo wiki nzima mimi nazunguka Goba nikimlaani mtu asiyemtafuta mbwa wake, mwenyewe alikuwa mamia ya kilomita mbali, hajui kama amempoteza. Hilo halikuwahi kunipitia kichwani.

Sikumwonyesha picha. Nikamwuliza alama.

"Paja la nyuma, la kulia, kwa ndani. Aliruka sengenge akiwa mdogo. Na sikio la kushoto halisimami, hata umpe nini."

"Anaitwa nani?"

"Hayawahusu."

Nikanyamaza. Nimetoka Goba kwa nauli yangu, mkono umechomwa sindano tatu, uani kwangu nimechakura jalala, na mtu ananiambia hayanihusu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimjibu. Akaona uso wangu, akaanza kucheka mpaka akakohoa.

"Mama, samahani. Jina lake ndilo hilo. Hayawahusu. Watu wa hapa kila siku wananiuliza ghorofa la nani, katoa wapi hela. Nikaona nimpe mbwa jina hilo, kila nikimwita wanapata jibu."

Kisha akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa mfuko wa nailoni, ndani yake kitambulisho, karatasi za hospitali, na kadi ya chanjo ya mbwa. Mhuri wa mwaka uleule uliokwisha, tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani, ambayo chanjo ilitolewa bure. Nikaipiga picha hapohapo. Nikakaa juu ya tofali lake, kwa sababu miguu iligoma.

Hatukumchukua siku ile. Zilikuwa bado hazijatimia siku kumi na sikutaka kuzikata. Kesho yake, tarehe 11, daktari aliangalia picha ya kadi, akasikia mbwa anakula na anabweka kama kawaida, akanisimamishia sindano zilizobaki. Jioni yake mzee akaja na bodaboda. Alisimama nje ya geti, hakuingia, akaita mara moja tu, kwa sauti ya kawaida. Mabati ya kibanda cha kuni yaligongwa mpaka yakapinda. Nimeyaacha hivyohivyo, sijayanyoosha.

Hesabu yangu ilikuwa hivi: sindano 90,000, daktari wa mifugo 25,000, tapeli 10,000 na makato yake, nauli na dagaa sikuandika. Mzee alitaka kunilipa kidogokidogo kama alivyomlipa fundi. Nikamwambia aniletee kuku Pasaka. Aliyenunua fataki hakunilipa kitu.

Ule mkanda nilikataa kuushona mwenyewe, ingawa ningeweza kwa dakika tano. Tuliupeleka kwa mzee wa mwarobaini, nikalipa 3,000, nikamwomba jambo moja: upande wa ndani, unaogusa shingo, ashone namba ya simu ya mlinzi. Akashona kwa uzi mwekundu, tarakimu kumi, mkono wa kushoto, huku Hayawahusu amelala miguuni pake. Alipofika ya nane mlinzi akamsimamisha. Hiyo si tano, ni sita. Ikabidi afumue.